Nani Anaruhusiwa Kuingia Mahakama ya Rufani?

Mazungumzo na wahitimu wa madarasa ya kisomo



Tumeletewa swali moja katika madarasa zaidi ya matatu, kwa hiyo tumeona tulizungumze mara moja kwa wote. Swali ni hili: mtu ambaye hana kesi, hakushitakiwa, wala hakuitwa kutoa ushahidi, je, anaruhusiwa kuingia Mahakama ya Rufani, akakaa, akasikiliza? Wengine mmekwisha kujibu wenyewe. Mmesema ile ni mahakama ya mawakili na watu wa mjini. Mzee mmoja alisema mahakamani hakuendwi kutembea, kama vile hospitali hakuendwi kutembea.

Jibu ni kwamba anaruhusiwa. Haombi kibali kwa mtu, wala halipi hata senti moja. Mashauri husikilizwa mahakama ikiwa wazi, na neno "wazi" hapa maana yake ni wazi kwa wewe na mimi. Kuna mashauri machache ambayo watu hutolewa nje, kwa mfano yale yanayohusu watoto. Yaliyobaki, mlango uko wazi.

Sasa, Mahakama ya Rufani ni nini? Kukata rufani, au rufaa kama wengine wanavyosema, ni kupeleka shauri lako mahakama ya juu kwa sababu hukuridhika na uamuzi wa mahakama ya chini. Fikirini ngazi. Mahakama ya Mwanzo ni kipago cha chini, hii mnaijua wote. Juu yake ni Mahakama ya Wilaya. Juu yake ni Mahakama Kuu. Na kipago cha mwisho kabisa, ambacho juu yake hakuna kingine, ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ikisema, imesema. Waweza tu kuiomba mahakama ile ile iitazame upya hukumu yake yenyewe, na hapo sababu zinazokubaliwa ni chache sana.

Je, ni ya zamani? Si sana. Wakati wa ukoloni rufani ya mwisho ilivuka bahari mpaka London. Tulipokuwa Jamhuri mwaka 1962 safari hiyo ilikatika. Tukabaki na mahakama ya rufani ya pamoja na wenzetu wa Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama hiyo nayo ikafa. Ndipo mwaka 1979 tukaanzisha yetu wenyewe. Wazee walioko hapa wanaizidi umri.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mahakama hii hutembea. Makao makuu ya Mahakama yako Dodoma, katika jengo jipya lililofunguliwa Aprili 2025. Lakini Majaji wa Rufani hawakai huko mwaka mzima wakitungoja. Hufunga safari, wakaja kufanya vikao Mwanza, Arusha, Mbeya, Tabora, Bukoba, Tanga, Zanzibar na kwingineko. Kwa hiyo nanyi msidhani kwamba ni lazima kuuza mbuzi ili mpate nauli ya Dodoma.

Sisi tulikwenda kikao kimoja kilichokaa Mwanza. Tulikuwa kumi na wanne, akina mama tisa na wanaume watano, wote wahitimu wa kisomo, pamoja na sisi walimu wao. Tulipanda basi la alfajiri. Tulipofika getini askari akatuuliza, "Nyinyi mna kesi gani?" Tukamjibu hatuna kesi, tumekuja kusikiliza. Akatutazama, akatazama vikapu vyetu. Mama mmoja alikuwa na kisu cha kumenyea machungwa. Askari akakichukua, akasema utakikuta hapa ukitoka. Kisha akasema, "Haya, zimeni simu, ingieni." Hakuna kingine alichotaka kujua.

Tulikaa mabenchi ya nyuma. Mbele kuna meza ndefu iliyoinuliwa, na juu yake ukutani ni Nembo ya Taifa. Chini yake anakaa karani, halafu meza za mawakili waliovaa majoho meusi. Saa tatu ilipofika mlango wa ndani ukagongwa, tukaambiwa tusimame. Wakaingia majaji watatu. Wakainama kidogo, na mawakili nao wakainama, halafu wote wakakaa. Mama wa machungwa akanong'ona, "Mbona watatu?" Ni kweli, ni watatu, ili asiamue mtu mmoja peke yake. Wakitofautiana, wengi ndio wanaoshinda. Jambo likiwa zito sana huweza kukaa watano.

Shauri la kwanza hatukulielewa vizuri. Mawakili wa pande zote mbili walisema Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama, ila Kiingereza kikaruhusiwa pale haki inapokihitaji. Lakini vitabu vya sheria, hukumu za zamani na mazoea ya mawakili havikubadilika siku hiyo hiyo. Maoni yetu sisi ni kwamba mwenye shauri akiwa amekaa pale haelewi kinachosemwa juu ya shamba lake, kazi bado ipo.

Lakini kuna neno moja tulilolisikia tangu mwanzo mpaka mwisho. "Peji." Peji themanini na mbili. Peji mia na kumi. Kila likitajwa, majaji wote watatu wanafunua vitabu vyao, wanasoma, wanainua macho, wanauliza. Tulitazamana. Tulikuwa tumetegemea kuona mashahidi wakila kiapo, mtu akilia, mtu akimnyoshea mwenzake kidole. Hakuna hata shahidi mmoja aliyeitwa. Kumbe mahakama ya juu kabisa katika nchi yetu ni chumba cha watu wanaosoma!

Jambo hili tukae nalo kidogo. Mahakama ya Rufani, kwa kawaida, haisikilizi mashahidi upya. Kazi ya kusikiliza mashahidi ilikwisha fanyika chini. Huko chini hakimu aliandika kila shahidi alisema nini. Maandishi hayo, pamoja na hukumu na vielelezo, hukusanywa pamoja yakawa kitabu kinachoitwa kumbukumbu za rufani. Kila jaji anacho, na kila upande unacho. Kilichomo humo ndicho kinachozungumzwa. Kisichomo ni kama hakikutokea.

Shauri la pili ndilo lililotufundisha. Alisimama mzee mmoja, hana wakili. Aligombea shamba na jirani yake. Kesi yake ilianzia baraza la ardhi, ikapita Mahakama Kuu, sasa imefika hapa. Majaji wakasema naye kwa Kiswahili, tena kwa upole. Yule jaji aliyekaa katikati alimwita "Mzee wangu". Mzee akaanza:

"Waheshimiwa Majaji, mpaka ule aliuweka marehemu baba. Alipanda minyaa. Minyaa hiyo mpaka leo ipo, nendeni mkaione."

Jaji akamuuliza, "Hayo ya minyaa, uliyasema kule barazani?"

"Niliyasema, Mheshimiwa."

"Tuonyeshe yalipoandikwa."

Mzee akageuza geuza kurasa. Jaji mmoja akamsaidia, akamwambia maelezo yake yanaanzia ukurasa gani, akayasoma kwa sauti. Yalikuwa mistari minane hivi. Yalisema shamba alilipata kwa baba yake na kwamba amelilima miaka mingi. Neno minyaa halikuwamo. Mashahidi wake wawili nao hawakuitaja. Mzee akasema tena kwamba aliisema. Chumba kikawa kimya. Jaji akasema, "Tumekusikia, Mzee. Una la kuongeza?"

Hatujui hukumu ya shauri lile. Waliambiwa watajulishwa siku ya kusomwa, maana majaji huenda kwanza kuandika. Huenda mzee yule ana sababu nyingine za kushinda. Lakini sote tulitoka pale tukiwaza ile mistari minane. Huenda aliisema minyaa, mwandishi asiiandike. Huenda aliisema nje, akiwa na watu wake, akadhani ameisema ndani. Mtu huweza kuchanganya.

Ndiyo maana tunawaambia ninyi mnaojua kusoma sasa: ukitoa ushahidi, mwombe hakimu kwa adabu akusomee alichoandika kabla hujaondoka pale. Ukiona umeruka jambo, sema. Na kesi ikiisha, omba nakala, uisome. Usingoje miaka sita ndipo usomewe na jaji.

Shauri la tatu halikufika hata robo saa. Wakili wa upande wa pili alisimama, akasema rufani hii imeletwa nje ya muda. Majaji wakafunua, wakahesabu siku. Wakili wa mkata rufani naye akahesabu, akakubali kwamba siku zimepita. Rufani ikaondolewa palepale. Watu waliokuwa wamekaa mbele yetu walikuwa ndugu wa mwenye shauri. Walikuja kutoka mbali na chakula cha kutwa nzima. Walitoka wakiulizana, "Imekwisha? Tumeshindwa?"

Nje, chini ya mwarobaini, ubishi ukawaka. Mwenzetu mmoja, aliyewahi kuisoma Katiba mpaka ikachakaa, alisema jambo la maana. Ibara ya 107A inasema mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Je, siku chache si masharti ya kiufundi hayo?

Swali ni zuri, na mawakili wakubwa wameliuliza mahakama hiyo hiyo. Imejibu mara nyingi kwamba muda si sharti dogo. Rufani iliyochelewa, mahakama haina uwezo wa kuisikiliza, basi. Na upo upande wa pili wa jambo. Yule aliyeshinda kule chini naye anangoja ajue kama sasa aweza kujenga au kupanda miti. Hata hivyo uchungu tuliuona kwa macho, hatutawaficha.

Sasa shikeni hesabu hii, maana imewaponza wengi. Katika mashauri ya madai, yaani yasiyo ya jinai, ukitaka kwenda Mahakama ya Rufani kutoka Mahakama Kuu, unatoa taarifa ya rufani ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Ukishatoa taarifa, una siku 60 za kuleta rufani yenyewe. Lakini je, kama nakala za mwenendo wa kesi hazijatoka? Hapo kuna njia. Ukiandika barua ya kuomba nakala hizo ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala ya barua ukampa mwenzako wa upande wa pili, Msajili atatoa hati ya kuonyesha siku ulizokuwa unangoja, nazo hazihesabiwi. Barua moja tu! Mtu wa darasa letu aweza kuiandika mwenyewe kwa mkono wake. Asipoiandika, siku zinakwenda.

Na wale ndugu, je, walikuwa wameshindwa? Si hivyo hasa. Rufani yao iliondolewa, haikukataliwa kwa kushindwa. Aliyeondolewa kwa kuchelewa aweza kuomba aongezewe muda, ila atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa alikuwa anafanya nini. Siyo kusema tu "nilikuwa mgonjwa". Lete cheti, onyesha tarehe.

Mtauliza, sasa kuna faida gani kwenda kukaa pale kama si shauri langu? Tutataja mashauri matatu, mseme wenyewe kama hayakuwa yenu.

La kwanza ni la mwaka 1983, la Bi Hawa Mohamed na aliyekuwa mumewe Ally Sefu. Lilianzia Mahakama ya Mwanzo, likapanda ngazi zote. Waliachana, na nyumba ilijengwa kwa fedha za mume. Swali likawa: mke aliyekaa nyumbani akipika, akifua na kulea nyumba, je, amechangia mali? Au kwa kuwa hakuleta mshahara, hana lake? Mahakama ya Rufani ikasema kazi ya nyumbani ni mchango. Akina mama, neno hilo lilitamkwa juu kabisa, na mahakama zote za chini zimelifuata tangu siku hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba. Mahakama iliona alikwisha pewa na mumewe fedha za mradi ambao haukuzaa kitu, nazo zikahesabiwa kuwa ndizo fungu lake. Alipanda mti ambao matunda yake wamekula wengine.

La pili ni la baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wakulima wa Kambi ya Simba, ambayo wakati huo ilikuwa Wilaya ya Mbulu. Mnakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa, mashamba ya zamani yakagawiwa wengine. Baadaye wengi walikwenda mahakamani kudai mashamba yao ya mila, na hawa wawili walifungua kesi mwaka 1987, wakashinda. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuzifuta haki hizo za mila bila fidia, na hata kuzuia mahakama zisisikilize madai hayo. Wakaipinga. Mahakama Kuu ikawakubalia, Serikali ikakata rufani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Ikaeleza kwamba kama sivyo, wengi wa wakazi wa Tanzania Bara wangekuwa kama wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Vifungu vilivyonyima fidia kwa ardhi iliyokwisha fanyiwa kazi, na vilivyofunga mlango wa mahakama, vikaanguka. Wakulima wawili na Serikali nzima, katika chumba kimoja, wakisomewa kurasa zile zile.

La tatu, mabinti wetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Rebeca Gyumi aliipinga, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016. Serikali ikakata rufani. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo, ikasema vifungu vile vinapingana na Katiba. Siku hiyo pia mlango ulikuwa wazi.

Mwenzetu mmoja aliuliza habari za ile mahakama ya Arusha, kwamba si ndiyo kubwa kuliko zote? Ile ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Si ngazi ya rufani ya nchi yetu. Zamani Mtanzania aliweza kuipelekea lalamiko lake mwenyewe moja kwa moja. Serikali ilitoa taarifa ya kujiondoa katika kibali hicho Novemba 2019, nacho kikakoma Novemba 2020. Kwa hiyo asiwadanganye mtu, akawachukulia fedha eti atawapelekea kesi ya shamba Arusha.

Basi, ukitaka kwenda, fanya hivi. Kwanza ujue kikao kitakaa lini. Orodha ya mashauri hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa mahakama, na pia hutolewa katika tovuti ya Mahakama. Mwenye simu ya mtandao amsomee asiye nayo. Fika mapema kabla ya saa tatu. Vaa kama unavyovaa kwenda msikitini au kanisani. Simu izimwe kabisa, siyo kuitia mtetemo tu, maana tuliiona moja ikitetemeka juu ya benchi na kila mtu akageuka. Usipige picha. Majaji wakiingia simama, wakitoka simama. Usipige makofi hata ukifurahi, wala usigune. Ukitaka kutoka katikati, inama kidogo kuelekea mbele, toka taratibu. Na kama una ndugu mwenye shauri pale, usimfuate jaji wala karani nje kumweleza habari zake. Hilo litamharibia.

Hukumu zikishatolewa huwekwa katika mtandao uitwao TanzLII, bila malipo. Nyingi ziko kwa Kiingereza. Tuna mpango wa kumwomba mwalimu wa sekondari atusaidie kusoma ile ya Bi Hawa kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, katika vipindi vya Alhamisi.

Wanaotaka kwenda kikao kijacho waandike majina yao katika daftari lililoko kwa mwenyekiti wa darasa. Nauli kila mtu ajilipie. Safari hii visu vya machungwa vibaki nyumbani.